Siku ya Mvua Katika Njia ya Songea

Sisi tunaokaa Iringa hujiona mabingwa wa baridi. Mgeni akija kutoka Dar es Salaam mwezi wa Juni tunamcheka anapohangaika kutafuta sweta, nasi tunatembea na mashati. Basi, ndugu wasomaji, nataka kuwasimulia siku moja ya mwezi wa Machi iliyoniondolea majivuno hayo, kati ya Njombe na Madaba, nikiwa peke yangu juu ya baiskeli.

Kwanza niwaeleze sababu ya safari. Mimi ni karani mstaafu, umri wangu miaka 59. Binti yangu ameolewa Songea, na mjukuu wangu wa kwanza alikuwa abatizwe huko siku ya Jumapili. Kutoka Iringa mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 450, na mabasi yapo kila siku. Lakini tangu ujana wangu nilikuwa na hamu ya kwenda njia ile kwa baiskeli, niione nchi kidogo kidogo, si kuipita dirishani huku nasinzia. Kazi haikuniruhusu. Sasa kazi imekwisha, nikasema, kama si mwaka huu, itakuwa lini? Mke wangu hakupendezwa. Alikata tiketi yake ya basi, na kabla ya kuondoka akanipa sharti moja: "Baba, mvua kubwa ikikukuta, simamisha basi, baiskeli ipandishwe juu, uje. Usishindane na mvua." Nikajibu ndiyo. Nilijibu upesi, kama mtu ajibuvyo juu ya jambo asilolitazamia.

Baiskeli yangu ni ile nyeusi ya Kichina, nzito, ambayo hakuna kijiji kisichoijua. Rimu zake ni za chuma, na breki zake ni za vyuma virefu, si za waya. Naomba mkumbuke neno hilo la rimu za chuma, maana litarudi mbele. Nyuma kwenye keria nilifunga mfuko wenye shuka, nguo za kubadili, sweta la sufu, tyubu moja, viraka na solusheni, spana mbili, na kichupa cha mafuta ya cherehani. Juu ya mfuko niliweka koti la mvua la plastiki, jipya kabisa.

Siku tatu za kwanza sina mengi ya kusema juu yake, maana zilikuwa njema, na siku njema hazina hadithi. Jumatatu nililala Mafinga. Jumanne nilipita pembeni ya msitu wa Sao Hill, misonobari imepangwa mistari kama watoto wa shule, nikafika Makambako jioni. Hapo njia ya Songea huiacha njia kuu ya Mbeya, na hapo pia hupita reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Zambia. Nilikaa kidogo nikilitazama gari moshi la mizigo likipita, nikajisikia nami ni msafiri kweli. Jumatano nikafika Njombe. Ni kilomita kama 60 tu, lakini ni vilima kwa vilima, na mji wenyewe uko juu, mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari. Jioni ile nilikula viazi mviringo vya Njombe, nikalala chini ya mablanketi mawili, nikiwaza kwamba baridi yenyewe si kitu.

Alhamisi niliamka saa kumi na moja na nusu. Mlinzi wa nyumba ya wageni, mzee aliyejifunika koti la jeshi mpaka masikioni, alikuwa akitazama upande wa kusini. "Leo ungepumzika, bwana," akaniambia. "Mvua ya huku haina haraka. Ikianza asubuhi hutulia nawe mpaka jioni." Nikamshukuru, nikamwambia kwamba mjukuu wangu anabatizwa Jumapili. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kutoka Njombe mpaka Songea zimebaki kilomita 230 na zaidi. Alhamisi nifike Madaba, Ijumaa nisogee mpaka Gumbiro, na Jumamosi mchana niingie Songea, nioge, nipige pasi suti. Siku moja ikipotea, hesabu yote inaharibika. Nikaondoka.

Saa ya kwanza ilikuwa manyunyu tu. Manyunyu si mvua, nilijiambia. Nilivaa koti la plastiki, na sweta nikaliacha mfukoni, maana kila nikipanda kilima nilitoka jasho. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, nami nalitaja ili mwingine asilirudie. Koti la plastiki huzuia maji ya nje yasiingie, lakini huzuia na jasho lisitoke. Baada ya vilima vitatu shati langu la pamba lilikuwa limelowa kwa ndani kama lilivyolowa koti kwa nje. Ukipanda unapata moto, ukishuka upepo unakupiga kifuani penye maji, na pamba ikilowa haina msaada wowote. Sufu ni tofauti. Sufu hata ikilowa hubaki na joto kidogo. Sweta langu la sufu lilikuwa kavu kabisa, limekunjwa vizuri nyuma yangu kwenye keria, likistarehe.

Lakini nchi ni nzuri, hata ndani ya mvua. Kuna mashamba ya miwati, mti ulioletwa kutoka ng'ambo, ambao magamba yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kampuni ya miwati ya Njombe ilianzishwa mwaka 1949, na mpaka leo mti huo umeenea hata nyuma ya nyumba za watu, maana kuni zake hazina mfano. Kuna mabonde yenye ukungu, na chini yake bustani za mboga kijani kibichi. Kuna mianzi kila mahali, na wakati wa mvua ndio wakati wake: machipukizi machanga hukatwa ncha asubuhi na jioni, na utomvu hudondoka ndani ya mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilichofungwa pale pale juu. Huo ndio ulanzi. Ukiwa mpya ni mtamu na mwepesi. Ukikaa, ni habari nyingine, nami sitaieleza katika gazeti la nyumbani.

Yapata saa tatu manyunyu yaliacha kuwa manyunyu. Mvua ilishuka kwa sauti moja bila kupumzika, wala upepo mkali, wala radi. Nilizoea mvua ya Iringa inayokuja na kelele, ikapiga, ikaondoka. Hii haikuwa na hasira. Ilikuwa kama mtu anayefanya kazi yake ya kila siku.

Wasomaji ambao hawajaenda mbali kwa baiskeli wanaweza kudhani kwamba taabu ya mvua ni kulowa. Kulowa ni jambo dogo. Taabu ya kwanza ni kwamba huoni. Mimi huvaa miwani. Nikiivaa, matone yananifunika macho, na nikiivua, njia yote inakuwa ukungu. Taabu ya pili ni mashimo. Njia hii ilitiwa lami miaka ya 1980, ikatengenezwa mara nyingi tangu hapo, na kwa jumla ni nzuri. Lakini shimo likijaa maji hufanana na dimbwi la kawaida, nawe hujui kama ni la kina cha kidole au cha goti mpaka gurudumu limekwisha ingia. Ile mistari myeupe ya pembeni, ambayo siku ya jua ndiyo rafiki wa mwenye baiskeli, siku ya mvua huteleza kama sabuni. Tena kuna malori. Yanatoka kusini na makaa ya mawe ya upande wa Mbinga, na yakikupita huacha wingu la maji machafu ambalo huwezi kulikwepa. Unafumba mdomo, unashika usukani kwa nguvu, unangoja dunia irudi.

Saa nne basi la Songea lilinipata nikiwa nasukuma baiskeli kwenye kilima. Lilipunguza mwendo lenyewe, na kondakta akatoa kichwa mlangoni. "Mzee, panda! Baiskeli juu, tunakwenda!" Nilimwona mama mmoja dirishani ananitazama huku amemfunika mtoto kwa khanga, wote wakavu. Nikampungia kondakta mkono, nikasema, "Asante, kijana, nakaribia." Nakaribia wapi? Sikuwa nimekaribia mahali po pote. Basi likaenda zake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile. Sharti la mke wangu nililikumbuka vizuri, na wakati ule sikuwa nimechoka sana. Nadhani ilikuwa aibu tu. Nilikuwa nimewaambia watu wengi kwamba nitafika Songea kwa baiskeli: jirani, fundi aliyenikazia spoki, hata mwalimu wa kwaya. Mtu huwa na ahadi ndogo kwa mke wake na ahadi kubwa kwa watu wa njiani, kisha hulinda ile kubwa.

Baada ya kupita Kifanya nilisimama kwenye kibanda cha kungojea basi. Nilitaka kula andazi nililonunua Njombe na kuvaa lile sweta. Ndipo nilipoona jambo la ajabu. Kamba ya mfuko niliifunga mwenyewe asubuhi, fundo la kawaida, lakini vidole vyangu vilikataa kulifungua. Vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, vimekufa ganzi. Nikajaribu kwa meno, na meno yenyewe yalikuwa yanagongana. Nikacheka. Naam, nilicheka peke yangu pale kibandani kama mlevi, nikaona fundo ni jambo la kuchekesha sana. Kisha nikaliacha, nikapanda tena baiskeli bila sweta na bila kula. Basi la pili lilipita wakati ule ule, na sikulitazama hata kidogo.

Leo najua kwamba nilikuwa katika hatari. Mwili uliolowa hupoteza joto upesi kuliko mwili mkavu, na upepo huongeza. Kwanza mtu hutetemeka, na kutetemeka ni kwema, maana mwili unajitafutia moto. Halafu mikono hukosa ustadi. Halafu akili yenyewe hupoa, na hapo ndipo pabaya, kwa sababu aliyepoa akili hajui kwamba amepoa. Hujiona yu mzima, tena hodari, na watu wote wenye kumshauri hujiona kwake kama waoga. Haihitaji theluji. Mvua ya Machi juu ya vilima vya Njombe yatosha.

Sasa nirudi kwenye rimu za chuma. Mbele ya msafiri wa njia ile kuna mteremko wa Lukumburu, mpakani mwa Njombe na Ruvuma, ambako njia hushuka kwa kona nyingi. Madereva wote wanaujua. Mimi sikuufikia siku ile. Kabla yake kulikuwa na kiteremko kidogo tu, chenye kona moja, na chini yake daraja jembamba. Nilianza kushuka, nikabana breki, nikasikia mipira ya breki ikipita juu ya chuma kilicholowa kama mtu anavyopitisha kiganja juu ya kioo. Hakuna kilichoshika. Rimu ya chuma ikilowa huwa hivyo: lazima ubane mapema sana, uyafute maji kwanza, ndipo baada ya kitambo ishike. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu nikiwa mtoto. Lakini kujua kulikuwa kumebaki kibandani pamoja na andazi langu.

Kutoka upande wa pili lori lilikuwa linakuja kuelekea daraja. Nalikumbuka taa zake tu. Nikauelekeza usukani kwenye majani, nikaingia mtaroni, baiskeli ikaenda huku, nami kule.

Sikuvunjika. Goti lilichubuka, kiganja kilichanika kidogo, na koti jipya likapasuka kutoka bega mpaka kiunoni. Lori lilipita, nadhani dereva hakuniona. Nilikaa ndani ya mtaro, maji yanapita juu ya viatu vyangu, na neno la kweli ni hili: sikuona haja ya kuondoka. Palikuwa pazuri tu.

"Kamwene!" sauti ikasema juu yangu. Ndiyo salamu ya Kibena. Alikuwa mama mzee, mwenye jembe begani na mfuko wa mbolea kichwani ameukunja kama kofia ya kujikinga mvua. Alinitazama kwa makini.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Unafanya nini humo?"

"Napumzika."

"Toka," akasema. Hakusema neno jingine. Aliinua baiskeli yeye mwenyewe, pamoja na mzigo wake wote, akaanza kuisukuma kwenye kijia cha mianzi, nami nikamfuata kama mwana-kondoo. Kijiji hicho sitakitaja, kwa kuwa sikuomba ruhusa ya kukiandika gazetini.

Jikoni mwake kulikuwa na mafiga matatu na moto wa kuni za miwati. Mjukuu wake, kijana wa miaka 16 hivi, akafungua lile fundo kwa mkono mmoja. Akanipeleka chumbani, nikavua kila kitu, nikavaa nguo kavu na lile sweta, na juu yake nikafunikwa blanketi. Mama hakunikalisha karibu na moto kama nilivyotaka. Alinikalisha mbali kidogo, akanipa uji wa moto wenye sukari, kikombe baada ya kikombe. "Aliyepoa hapashwi kama kiazi," akasema. "Hupashwa kutoka ndani." Aliyajuaje hayo sijui, lakini baadaye nilimwuliza mganga wa zahanati akaniambia kwamba ni sawasawa. Kisha kutetemeka kukaanza, kutetemeka hasa, mpaka uji ukamwagika. Mama akaitikia kwa kichwa, kana kwamba alikuwa anakungojea.

Mchana jirani akaja, babu mmoja mwenye mbeta mkononi, kutazama mgeni aliyeokotwa mtaroni. Sikuguswa na mbeta, nilikuwa na uji wangu. Babu alinisimulia habari za njia kabla ya lami. Wakati wa mvua, alisema, malori yalizama katika matope siku tatu, siku nne. Watu wa vijiji walikuwa wakiyasukuma, na wenye magari walilala katika nyumba zao, wakala vyakula vyao, na wengine walifanya urafiki ambao haujaisha mpaka leo. "Sasa mnapita vuu," akasema, "hata majina yenu hatuyajui." Nami nikahesabu moyoni. Siku tatu nilikuwa nimepita mbele ya nyumba mamia, nikiitikia salamu bila kusimama, nikijisifu kwamba mimi naiona nchi kuliko watu wa basi. Jiko hili lilikuwa nyumba ya kwanza niliyoingia, ukiacha nyumba za wageni.

Saa kumi mvua ilipungua. Mara moyo wangu ukarudi kwenye hesabu: bado saa mbili na nusu za mwanga, kushuka Lukumburu ni kushuka tu, huenda nikafika Lilondo. Nikasimama. "Mama, nashukuru sana. Sasa niende."

"Viatu havijakauka," akasema.

"Nitavivaa hivyo hivyo, mama."

"Havijakauka," akasema tena, akaendelea kuchambua maharage.

Yule kijana alinifuata nje, nilipokwenda kutazama baiskeli. Alisema kwa sauti ndogo, "Mzee, usimlazimishe bibi. Baba mdogo alishuka Lukumburu na mvua. Alikuwa na baiskeli kama hii, na gunia la viazi nyuma." Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Nyuma ya ghala niliona fremu ya baiskeli nyeusi, haina magurudumu, imeegemezwa ukutani, na kuku walikuwa wanalala juu yake.

Nikarudi jikoni, nikakaa. Baadaye, nikienda kuokota kuni, niliviona viatu vyangu. Vilikuwa vimewekwa nyuma ya mtungi wa maji, mbali kabisa na moto.

Jioni tulikula ugali, maharage na majani ya maboga. Mama aliomba kwa Kibena, sala ndefu, na katikati yake nilisikia neno "Songea." Simu yangu ilikuwa imelowa na kufa, kwa hiyo kijana alipanda mlimani kwenye mtandao na simu yake, akamtumia mke wangu ujumbe niliomwambia: Nimelala salama kwa watu wema, nitafika Jumamosi. Habari za mtaro sikuzitia. Usiku kucha mvua ilinyesha juu ya bati, nami kila nilipoamka niliisikia ikiendelea na kazi yake. Niliwaza kona za Lukumburu gizani, na ile sauti ya mpira juu ya chuma.

Asubuhi kulikuwa na ukungu bila mvua. Kijana alikuwa amekwisha amka. Alisugua rimu kwa jivu na kitambaa mpaka uchafu wote wa mafuta na matope ukatoka, akaiondoa mipira ya breki, akaikwaruza juu ya jiwe, akaigeuza, akakaza vyuma. Mnyororo niliutia mafuta mwenyewe, maana mvua ilikuwa imeyaosha yote na ulikuwa unalia kama mlango wa gereza. Kisha mama akaleta viatu. Vilikuwa vikavu. Nadhani alivipeleka motoni usiku, nilipokwisha lala. Ndani ya koti lililochanika akanipangia karatasi za gazeti kuukuu kifuani, kuzuia upepo. Ndiyo, ndugu Mhariri, lilikuwa gazeti la dini, na halijawahi kunifaa kama siku ile.

Nilitoa pesa, akakunja mikono nyuma. "Utashuka kwa miguu," akasema.

"Nitashuka kwa miguu, mama."

"Sema tena." Nikasema tena.

Basi, Lukumburu niliishuka kwa miguu, baiskeli mkononi, kona baada ya kona, mvua ikiwa haipo kabisa. Watu husifu Kitonga kwa ukali wake, na ni haki, lakini Lukumburu ipewe nayo heshima yake. Ukungu ulikuwa chini ya miguu yangu, na malori yalipanda polepole kwa gia ya chini, yakinguruma muda mrefu kabla ya kuonekana. Dereva mmoja alitoa kichwa akaniuliza kama nimepata pancha. Nikamwambia hapana. "Breki?" Nikamwambia breki nzima. Akanitazama kama mtu asiyeelewa, akaenda zake. Ilinichukua asubuhi nzima. Chini, nchi ilibadilika, ikawa pana, na joto likanipanda taratibu kutoka miguuni.

Madaba nilifika jioni sana, jua linazama. Hesabu ya Gumbiro ilikuwa imekufa. Ilibaki Jumamosi moja na kilomita zaidi ya 100, nami nilijua zinawezekana nikianza alfajiri na mvua ikinihurumia. Nilikwenda dukani nikanunua kilo mbili za sukari, chumvi, sabuni, na jozi mbili za mipira ya breki za kumpelekea yule kijana, nikamkuta kondakta wa basi la asubuhi liendalo Njombe, akakubali kuvishusha pale kwenye kibanda na kupiga simu.

Kisha nikaazima simu, nikampigia mke wangu.

"Mvua ilikukuta?" akauliza, kabla ya salamu.

"Ilinikuta."

"Ukapanda basi?"

Nikanyamaza kidogo. "Hapana," nikasema. Nikamweleza yote: fundo, daraja, mtaro, uji, viatu nyuma ya mtungi. Hakunikatiza. Nilipomaliza, kukawa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Huyo mama," akasema mwisho, "umemnunulia nini?"

"Sukari kilo mbili, chumvi na sabuni."

"Na blanketi?"

"Blanketi sikununua."

"Duka limefungwa?"

Nikageuka. Mwenye duka alikuwa anaingiza ndoo ndani, mlango mmoja bado wazi. Nikamrudishia mtu simu yake, nikakimbia.